Samahani ya Mpishi Alamin

Micah Wasike hakuwa na beji. Hakuwa na bastola wala pingu. Hakuwa na gari, na simu iliyokuwa karibu naye ilikuwa ya Posta, ambako alipanga foleni kama kila mtu. Hakuwa na kamera. Hakuwa na ruhusa ya kumlazimisha mtu yeyote kujibu swali lolote. Hata ofisi hakuwa nayo, ila meza moja nyuma ya duka la fundi cherehani pale Bondeni, na kila fundi alipofagia vitambaa, Wasike aliinua miguu. Katiba ya chama cha wafanyakazi wa mahoteli ilimwita katibu. Wanachama walimwita mpelelezi, wengine kwa heshima na wengine kwa kumcheka.

Jumanne baada ya Pasaka ya mwaka 1957 mtu mmoja aliketi mbele ya meza hiyo, kanzu yake imepigwa pasi na mikono yake imetulia juu ya magoti. Alikuwa Alamin bin Faraj, mpishi mkuu wa Hoteli ya Bishopstone. Baba yake alikuja Nakuru kutoka Mombasa akiwa mpishi wa reli, na mwana akashika kazi ya baba.

Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo. Jumamosi usiku, kwenye karamu ya wakulima wa Kizungu, wageni walikunywa supu ya nyanya, na kabla ya dansi kuanza walikuwa nje wakitapika kwenye maua. Bibi kizee mmoja alilazwa hospitali. Hakufa mtu. Jumapili asubuhi Alamin aliitwa kikaoni, na kabla ya adhuhuri hakuwa na kazi.

Wasike alisoma cheti alicholetewa. Maneno yalikuwa machache: ameachishwa kazi kwa kuwapa wageni chakula alichojua kina sumu.

"Umemwonyesha nani hiki?"

"Nimwonyeshe nani? Nikikionyesha jikoni popote, kuanzia hapa mpaka Mombasa, watanifungia mlango. Na siku hizi za hali ya hatari, polisi wakikiona hawatauliza habari ya nyanya."

"Kikaoni alikaa nani?"

"Memsabu Hadlow, meneja. Mumewe. Na karani wa hesabu."

"Nani alikushtaki?"

"Memsabu Hadlow."

Wasike aliandika, akapiga mstari chini ya jina. "Aliyekushtaki ndiye aliyekuhukumu."

"Hoteli ni yake, ndugu."

"Hoteli ni ya kampuni. Yeye ameajiriwa kama wewe. Mwenyekiti wa kampuni anakaa Naivasha, na kanuni zao zinasema rufaa imfikie kabla ya Ijumaa kwisha. Sasa niambie. Wanasema ulikiri."

"Sikukiri. Niliomba samahani."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kutema mate jikoni. Kimaiyo, msaidizi wangu, alisema aliniona nikionja supu na kutema. Memsabu akauliza, ndiyo au hapana? Nikasema ndiyo, memsabu, naomba samahani. Nikataka kuendelea. Akasema imetosha."

Wasike aliweka kalamu chini. Asubuhi ile alikuwa amemkaribisha chai, na Alamin akaikataa kwa sababu ya Ramadhani. Mtu aliyefunga anaonjaje supu? Ama hakufunga, ama kulikuwa na kitu katika supu ile alichotaka kukihakikisha.

"Ulitema kwa sababu ilikuwa mbaya?"

"Supu yangu?" Alamin aliinuka nusu. "Mbaya? Bwana Wasike, nimekuja kwako kutafuta haki, sikuja kutukanwa."

Adhana ya adhuhuri ilianza kusikika kutoka msikitini. Alamin aliweka kofia yake sawa na kuondoka, na swali likabaki mezani.

*

Nyuma ya Hoteli ya Bishopstone weta mmoja aliyeitwa Hiram aliketi juu ya kreti akisugua uma. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka.

"Watu wanasema ni malai," Wasike alianza. "Yale ya maziwa yaliyoletwa kutoka Gilgil, yakatiwa kwenye supu. Yalichacha."

"Watu wanasema mengi. Watoto wa wageni walikula malai hayo na jeli, mabakuli mazima. Walirukaruka mpaka wakabebwa kulala. Supu hawakupewa."

"Kwa hiyo si malai."

"Mimi nimesema nilichoona."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Malaria."

"Imekushika lini?"

"Jumamosi."

"Usiku?"

Hiram aliinua uma na kuukagua kama aliyeuona kwa mara ya kwanza. "Bwana katibu, hizi uma hazitajisugua."

Wasike alisogea hadi mlango wa jikoni. Ukutani sufuria za shaba zilitundikwa kwa misumari, kuanzia ndogo hadi kubwa, na nje ziling'aa kama zawadi. Msumari wa mwisho, ule mnene kuliko yote, haukuwa na kitu. Chini yake Kimaiyo alikuwa akimenya viazi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke na watoto huko Kabazi, na hapo hotelini hakuwa amemaliza hata mwezi.

"Wewe ndiye uliyesema Alamin alitema?"

"Mimi nilisema yenye niliona. Alichota, akaweka kwa ulimi, akatema kwa sinki."

"Alikunja uso?"

"Uso yake iko hivyo siku zote."

Wasike alijizuia asicheke. "Walikuuliza nini kingine?"

"Hiyo tu. Umeona ama hujaona? Nikasema nimeona. Wakaniambia rudi kazi."

"Na ile sufuria kubwa iko wapi?"

"Imepelekwa kupakwa bati. Dereva alitumwa nayo Jumapili, hata chai ya asubuhi haijatoka."

"Kabla ya kikao?"

Kimaiyo aliinamia viazi vyake, kwa kuwa Memsabu Hadlow alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Wewe nani? Nataka nini hapa?"

Wasike alivua kofia. "Micah Wasike, katibu wa chama, memsabu. Nimekuja kwa habari ya rufaa ya Alamin."

"Rufaa ya nini? Mpishi nasema samahani. Mimi nasikia. Bwana nasikia. Yote kwisha."

"Memsabu ulimshtaki, kisha ukakaa kumhukumu."

"Nani ingine iko? Hapa mimi ndiyo meneja." Alizungusha funguo zake, halafu akapunguza sauti. "Sikiliza. Mimi hapana taka kelele, hapana taka polisi. Yeye aandike barua, aseme makosa ni yake. Mimi natoa cheti ingine. Hapana sema sumu. Sema tu, ameacha kazi. Lakini kama napeleka maneno Naivasha, cheti nabaki vile vile, na mimi napigia polisi simu."

"Nitamfikishia, memsabu."

Wasike alitoka bila kuuliza habari ya sufuria. Mtu aliyeiharakisha kwa fundi asubuhi ya Pasaka hakustahili kuonywa kwamba kuna anayeiulizia.

*

Vyumba vya wafanyakazi vilikuwa nyuma ya ua wa miti. Kuluthum, mke wa Alamin, alikuwa amekwisha kufunga vyombo ndani ya shuka mbili, maana walipewa mpaka Jumamosi kuhama. Jiko la makaa bado liliwaka nje, na juu yake kunde za futari zilichemka. Alamin aliketi kizingitini.

Wasike aliwapa maneno ya memsabu kama alivyoyapokea, bila kuyatia chumvi.

"Chukua hicho cheti," Kuluthum akasema. "Baba Hadiya, nakuambia chukua. Neno moja la samahani lina uzito gani? Umekwisha kulisema mara moja."

"Nililisema kwa mate. Sasa wanataka niliseme kwa sumu."

"Na polisi wakija? Hadiya nitamlisha hiyo heshima yako?"

"Na nikiandika nimewalisha watu sumu, atakuja kuolewa na nani?"

Kuluthum aliinama, akachota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja. Akaugusa kwa ncha ya ulimi, akageuza uso na kutema kwenye majivu. Kisha akatupa chumvi kidogo chunguni.

Wasike alisimama. "Mama, umefanya nini hapo?"

"Nimefanya nini? Nimeonja chumvi."

"Nawe umefunga."

"Ndiyo maana nimetema! Ningemeza, swaumu yangu ingekuwa wapi?" Alimtazama mumewe. "Huyu ndiye mpelelezi wenu?"

Alamin aliguna. "Kila mpishi aliyefunga hufanya hivyo. Ncha ya ulimi, kisha unatema. Baba alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo. Nani asiyejua?"

"Mwenyekiti wa kampuni hajui," Wasike akasema. "Memsabu hajui. Kimaiyo hajui. Hata mimi, niliyekaa Bondeni miaka yote hii, sikujua. Mbona hukusema kikaoni?"

"Nilidhani wanalalamikia uchafu. Mzungu hapendi mate karibu na chakula, na mimi pia sipendi. Ningefika mlangoni nikatemea nje, lakini siku ile kazi ilikuwa nyingi. Ndipo nikaomba samahani. Niliposikia neno sumu, nilikuwa nimekwisha kuambiwa nitoke."

Wasike aliketi tena, safari hii juu ya kreti. Wenye kikao walisikia mtu akiomba radhi kwa kosa la adabu, wakaandika kwamba amekiri kosa la jinai. Hilo lilieleza mate. Halikueleza matapishi ya wageni.

"Ile sufuria kubwa ya shaba. Supu ilipikwa humo?"

"Ndiyo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotosha watu wale. Lakini bati la ndani limekwisha. Tangu mwaka jana namwomba memsabu ipelekwe kwa fundi, naye anasema ngoja, ngoja. Kwa hiyo nikipika kitu kichachu humo, nyanya au ndimu, sikiachi kilale. Kikiiva nakihamishia kwenye sufuria ya enameli mara moja. Jumamosi alasiri niliivisha supu, nikaonja, nikamwambia Kimaiyo ahamishe, kisha nikaja hapa kusali na kufuturu. Niliporudi ilikuwa inapakuliwa."

"Ikitoka chombo gani?"

"Walikuwa wanapakulia kwenye meza ya mbele. Sikuona."

*

Fundi Abdirashid alipaka bati vyombo vya nusu ya mji katika kibanda cha mabati nyuma ya soko. Wasike alimkuta amejilaza kwenye mkeka, tanuri lake limepoa.

"Leo hakuna kazi?"

"Kazi ipo, bwana. Moto ndio hakuna. Nikae mbele ya moto huu mchana kutwa na koo kavu? Mwezi huu nawasha baada ya kufuturu. Na hiyo ya Bishopstone, kama umetumwa, mwambie memsabu nitaianza leo."

Sufuria ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa gunia. Wasike aliinua gunia na kuinamisha sufuria kuelekea kwenye mwanga. Shaba ilionekana wazi pande zote, na bati lilibaki mabaka mabaka tu. Pale supu ilipofika palikuwa na mstari wa kijani uliozunguka ndani kama ukindu, na chini yake nyanya zilizokauka. Hakuna aliyeiosha.

"Wameniletea hivi hivi," Abdirashid akasema. "Mwenye haraka haoshi."

"Una ndimu?"

Fundi alimpa nusu ya ndimu aliyotumia kusafishia shaba. Wasike alitoa leso yake nyeupe, akailowesha, akasugua juu ya ule mstari. Leso ikatoka na rangi ya majani. Aliikunjua juani ikauke.

"Hiyo ukila?" aliuliza.

"Utatapika mpaka ukumbuke maziwa ya mama yako."

"Fundi, nakuomba usiipake mpaka Jumatatu."

Abdirashid aliketi. "Hoteli ni mteja wangu."

"Alamin ni jirani yako."

"Alamin anasali safu moja na mimi, usinifundishe." Alikuna ndevu, akatazama kopo la bati lililokuwa karibu na mguu wake. "Nitasema bati limekwisha. Na kweli limebaki kidogo, haliwezi kutosha chombo kikubwa hivi. Huo si uongo."

"Si uongo," Wasike akakubali. "Ukiulizwa na mwenyekiti mwenyewe, utamwonyesha?"

"Akija kwa miguu yake, nitamshikia hata taa."

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Kimaiyo alipeleka mabaki ya jikoni kwenye zizi la nguruwe. Wasike alimngoja huko.

"Sikuja kukulaumu. Uliulizwa swali moja, ukajibu. Nina maswali mengine ambayo hawakukuuliza. Alamin alikuambia uhamishe supu?"

Kimaiyo alimwaga ndoo polepole. "Aliniambia. Nikachukua ile ya enameli, nikaanza. Memsabu akaingia. Akasema wacha, wacha, hii nazuri, hii nashika moto, wageni nataka kuona shaba. Nikamwambia mpishi amesema. Akaniuliza, mpishi ndiye nalipa wewe?"

"Kwa hiyo ikabaki humo mpaka karamu."

"Ikabaki."

"Sasa lile gumu. Alamin alipotema, unajua kama supu ilikuwa nzuri? Au unafikiri tu?"

Kimaiyo alitazama huku na huku. Nguruwe walikuwa wakipigana juu ya maganda. "Ilikuwa nzuri."

"Umejuaje?"

"Unajua sheria ya hapa? Ukipatikana umeonja chakula ya wageni, hata mkate umeanguka chini, unafutwa siku hiyo hiyo. Hakuna kikao."

"Najua."

"Mzee Alamin aliniambia, mimi nimefunga, ulimi yangu si kitu, onja wewe vizuri. Nikachota kikombe." Aliweka ndoo chini. "Nikakunywa yote. Nikafanya kazi mpaka usiku na tumbo haikuuma."

Wasike alihesabu kimoyomoyo. Alasiri supu ilikuwa nzima na mnywaji akabaki mzima. Ikakaa ndani ya shaba tupu. Usiku wanywaji wakaanguka. "Na Hiram?"

"Alimaliza mabaki baada ya karamu. Si malaria ile. Lakini usimuulize, atakataa mpaka kaburini. Ana watoto wa shule."

"Nawe una watoto."

"Niko nao," Kimaiyo akasema, akachukua ndoo yake na kurudi jikoni.

*

Alhamisi mchana Wasike alimaliza kuandika. Kizungu chake alikisomea jioni, darasani kwa taa ya karabai, na hakumwachia mtu mwingine kazi ya kukiandika. Alamin na Kuluthum waliketi mbele ya meza. Aliwasomea barua kwa Kiswahili, aya kwa aya: mshtaki alikaa kitini pa hakimu, mshtakiwa hakupewa nafasi ya kumaliza jibu lake, shahidi aliulizwa nusu ya habari, samahani iliyotolewa ilikuwa ya mate, sufuria iko kwa fundi na leso imeambatanishwa. Mwisho barua iliomba Alamin arudishwe kazini, cheti kifutwe, na asikilizwe mbele ya watu ambao hawakumshtaki.

"Kuna tundu moja," alisema. "Sina mtu wa kuthibitisha kwamba memsabu alizuia supu isihamishwe, wala kwamba ilikuwa nzuri alasiri. Jina la Kimaiyo sikuliweka. Sina haki ya kumfutisha mtu kazi ili nimrudishe mwingine."

"Vizuri," Alamin akasema. "Usimweke. Nilijua alionja, ndiyo maana sikukuambia."

"Bila yeye, wanaweza kusema sufuria ni uzembe wako. Nakuambia ukweli. Cheti kile kingine bado kipo. Ukitaka, hii naichana sasa hivi."

Alamin alimgeukia mkewe. Kuluthum alikuwa akitazama barabarani, ushungi ameushika kwa meno.

"Mimi nilishasema yangu juzi," akasema. "Lakini tangu juzi nimelala nikiwaza. Huyo mtu ametaka wewe uandike kwa mkono wako kile alichofanya yeye. Hapana. Peleka."

"Peleka," Alamin akasema.

Wasike alikuwa amekwisha kuikunja barua wakati fundi cherehani alipoita kutoka mbele kwamba kuna mgeni. Kimaiyo aliingia na aproni yake bado kiunoni. Alimwamkia Alamin kwa kichwa, asithubutu kumtazama machoni.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Ile kitu nilisema kwa nguruwe," akamwambia Wasike. "Imeandikwa?"

"Haijaandikwa."

"Andika."

"Unajua maana yake?"

"Bwana, watu wa Kabazi si wajinga. Najua. Kama wataniuliza tena, afadhali waniulize yote." Alijipangusa mikono kwenye aproni. "Andika memsabu alisema nini. Andika nilikunywa kikombe."

Wasike alikunjua barua, akaongeza aya nzima, akaisoma kwa sauti. Kimaiyo alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapo si sawa."

"Wapi?"

"Umeandika kikombe moja. Vilikuwa viwili."

Alamin alianza kucheka, kicheko cha kwanza tangu Jumapili, akakizuia kwa kiganja. "Viwili! Nami nilikuambia uonje!"

"Ilikuwa tamu, mzee."

Wasike alirekebisha neno, akaweka sahihi ndogo pembeni, na Kimaiyo akaandika jina lake chini, herufi kubwa kubwa zilizochukua mistari miwili. Alamin akaandika lake kwa Kiarabu, kisha kwa Kizungu. Leso ikaingia kwanza, barua ikafuata. Wasike alipaka gundi kwenye bahasha, akaibana kwa pasi ya fundi iliyokuwa imepoa, wakatoka wote wanne kuelekea Posta, Kimaiyo akikaza mwendo kwa kuwa alikuwa hajaaga jikoni.

Karani wa Posta aliipima bahasha na kuuliza kama ni ya rejista.

"Ya rejista," Alamin akasema kabla ya Wasike.

Karani aligonga muhuri, akararua risiti, akatupa barua ndani ya gunia la treni ya Naivasha, ile inayofika Ijumaa asubuhi, akaanza kufunga mdomo wa gunia kwa kamba.